Mlisho Kwanza, Blogu Baadaye

Ukutani mwa darasa nililokuwa nikifundisha Kiswahili hapa Kigoma, kando ya dirisha lisilo na kioo, palikuwa na karatasi mbili za manila zilizoshikizwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Mwanafunzi wa kidato cha pili alibandika hapo habari yake ya dagaa. Alidai kwamba dagaa wa kuanikwa mchangani na wa kuanikwa kwenye vichanja ni wale wale, kinachotofautiana ni bei. Siku ya tatu nikakuta chini ya habari ile kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, mwandiko mkubwa mkubwa wa mtu asiyeshika kalamu kila siku: "Si wale wale mwanangu. Njoo jikoni uoshe hao wa mchanga uone." Alikuwa mama mpishi wetu.

Kijana akaenda. Aliporudi aliiandika habari upya bila kuagizwa na mtu, na safari hii ilikuwa na maji yaliyobadilishwa mara nne, mchanga uliotuama chini ya beseni, na mwenzake wa bwenini aliyetema tonge. Mimi ningemsahihishia upatanisho wa kisarufi na alama za uandishi, nikampa 14 kwa 20, tukasonga mbele. Mama mpishi hakumpa alama hata moja, ila alimfanya aandike.

Nimeanza na ukuta makusudi. Ninataka kuzungumzia blogu na milisho ya mtandaoni kama zana za kufundishia, na mjadala huu kwetu huanza karibu kila mara kwenye chumba cha kompyuta. Kompyuta huletwa, mlango hutiwa kufuli, ufunguo hukaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo amesafiri. Ukisubiri arudi ndipo uanze kufundisha, muhula umekwisha.

Niliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili ya walimu ambayo mwisho wake kila mmoja aliondoka na blogu ya shule yake. Ya kwangu ilipata habari tatu: Karibuni kwenye blogu yetu, picha za mgeni rasmi, na salamu za mahafali. Kisha nikasahau nywila. Simlaumu mtu, nywila nilisahau mwenyewe. Lakini nilipowauliza wenzangu miezi michache baadaye, nao walikuwa na makaburi ya namna hiyo hiyo, mengine yakiwa na habari mbili tu.

Nimekaa nalo jambo hili muda mrefu, na nadhani kosa letu lilikuwa la mpangilio. Mtoto husikia lugha mwaka mzima kabla ya kutamka neno lake la kwanza. Sisi tulitakiwa tublogu, na pale ukumbini hakukuwa na hata mmoja mwenye mazoea ya kusoma blogu ya mtu mwingine. Hatukujua habari fupi huanzaje, msomaji anachoka wapi, kichwa cha habari kinafanya kazi gani. Tungeanza na mlisho. Blogu ingesubiri.

Mlisho ni kitu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tovuti hutunza faili dogo la maandishi, na kila habari mpya ikiwekwa, faili hilo huongezewa mistari michache juu: kichwa cha habari, tarehe na saa, anwani ya kuipata, na aghalabu muhtasari wa sentensi mbili tatu. Programu iliyomo kwenye simu yako hupita mara kwa mara kuuliza kuna nini kipya, kama wachuuzi wanavyoteremka mwaloni Kibirizi alfajiri kuwauliza wavuvi usiku umekuwaje. Ukifuata tovuti kumi, huna haja ya kuzungukia kumi. Zote zinakujia kwenye orodha moja kwa mfuatano wa saa. Hiyo ndiyo RSS, herufi tatu zilizozaliwa kwenye kampuni ya kompyuta ya Netscape mwaka 1999, mwaka ule ule ambao neno weblog, lililokuwa na umri wa miaka miwili tu, lilikatwa kichwa likawa blog, nasi baadaye tukalitia irabu likawa blogu. Kiswahili kiliingia humo mapema. Ndesanjo Macha, mmoja wa waliotangulia kublogu kwa lugha yetu, alikuwa na Jikomboe yake, na blogu ya Issa Michuzi ilianza mwaka 2005.

Kinachonivutia mimi kama mwalimu ni umaskini wa kitu chenyewe. Hakuna picha inayocheza, hakuna tangazo la kubeti. Orodha ya vichwa ishirini ni maandishi matupu, na unaweza kuivuta asubuhi kwa salio ambalo halitoshi video ya dakika moja. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na ugomvi huo sitaki kuuanzisha hapa, kwa sababu simu zao hazihitajiki. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile. Kimoja, cha mwalimu mmoja, kinatosha darasa zima.

Nilikuwa nikifanya hivi. Kabla ya kengele ya mstarini nanakili ubaoni vichwa vitano vya habari, vichwa tu. Vitatu navitoa BBC Swahili na DW Kiswahili, viwili Global Voices kwa Kiswahili, ambayo ina neema moja kubwa kwetu: leseni yake inaruhusu kunakili na kusambaza mradi umtaje mwandishi na chanzo, kwa hiyo ukipiga fotokopi humwibii mtu. Kisha darasa linachagua kimoja cha kusoma siku hiyo, na anayependekeza lazima aseme kwa nini. Wiki ya kwanza walichagua mpira siku zote tano. Niliwaacha. Wiki ya pili msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Madam, kwa nini tunasoma kitu ambacho redio ilishatuambia jana usiku?" Nikajua tumefika mahali.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ufupisho. Kila anayefundisha kidato cha tatu na cha nne anajua shida ya ufahamu na ufupisho: vifungu ni vile vile, wanafunzi wanavijua kwa kichwa, na majibu yanarithishwa kutoka kwa kaka na dada waliotangulia. Mlisho huja na habari mpya kila asubuhi, na huja na muhtasari wake. Ule muhtasari nilikuwa nauficha. Wanasoma habari kamili, wanaandika ufupisho wa maneno thelathini, halafu nafunua wa mhariri tuulinganishe na yao. Mwanzoni wa mhariri ulikuwa unashinda bila ubishi, kwa kuwa umetoka kwenye kishikwambi.

Halafu likaja suala la ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, baada ya nchi nne zinazopakana nalo kukubaliana kulipumzisha ili samaki wazaane. Tulisoma habari yake darasani. Muhtasari uliokuja nayo ulitaja uamuzi, ukataja sababu, ukaacha muda. Mvulana wa dawati la nyuma, baba yake ana kipe, chombo cha kuvulia dagaa, alisimama kabla sijamaliza kuusoma. Kwake ile miezi mitatu ndiyo ilikuwa habari yenyewe: ada, sare, unga, vyote vilikuwa ndani ya hiyo miezi mitatu. Darasa likabishana karibu kipindi kizima, dakika 40, kama mhariri amekosea au ameandikia watu wengine. Hatukumaliza. Ila tangu siku hiyo ule muhtasari wa kwenye kishikwambi ukawa muhtasari wa mtu, mwenye macho yake na mahali alipokaa wakati anaandika.

Mambo kama hayo kundi la WhatsApp haliwezi kuyafundisha. Nimejaribu. Habari ya WhatsApp inafika bila mama wala baba, imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi na basi. Haina tarehe, na picha yake inaweza kuwa ya vita vya nchi nyingine. Habari ya mlisho inafika na saa yake na anwani yake, na wewe ndiye uliyeamua kuifuata. Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, simu za hapa Kigoma hazikulala. Wengi hapa wana ndugu, wateja au wadeni ng'ambo ya ziwa. Asubuhi moja wanafunzi walikuja na habari sita, tatu zikipingana na tatu. Tuliweka ubaoni safu mbili: zenye chanzo na tarehe, na zisizo navyo. Safu ya pili ilijaa ikamwagika. Kisha tukatumia muda mwingi kuliko nilivyopanga kwenye swali moja la sarufi: mji "umetekwa" na mji "unadaiwa kutekwa" vinatofautianaje, na mwandishi anapochagua kimoja, anakuahidi nini? Somo la kauli ya kutendwa sikuwahi kulifundisha kwa urahisi kama siku ile.

Najua pingamizi, na zingine ni nzito. Wajuzi wa kompyuta huniambia RSS ilikufa siku Google ilipofunga kisomaji chake, Google Reader, tarehe 1 Julai 2013. Ilipoteza umaarufu, ni kweli, lakini haikufa. Podkasti wanazosikiliza wajuzi hao hao husafiri kwa RSS. Blogu iliyojengwa kwa WordPress au Blogger hutoa mlisho yenyewe, hata kama mwenye blogu hajui. Kinachotuumiza zaidi ni cha nyumbani. Tovuti nyingi za ofisi zetu huweka tangazo kama barua iliyopigwa skani, na muhuri wa duara umeegemea kidogo kushoto. Ni picha ya karatasi. Mlisho hauwezi kuisoma, kitafutio huisoma kwa shida, na mwanafunzi asiyeona vizuri hasomewi na simu kwa urahisi. Tumeingia kwenye intaneti tumebeba kabati letu la chuma la mafaili.

Kuhusu mtihani sitasema mengi. Mtaaluma aliniuliza azimio la kazi linasemaje, nikamwonyesha ufahamu, ufupisho, uandishi wa ripoti, akaondoka. Umeme na bando ni shida za kweli, lakini njia hii haili bando, na kishikwambi kikichajiwa usiku kinamaliza wiki ukikitumia kwa kazi hiyo tu.

La sheria linataka uangalifu zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni, na gharama ya mwaka wa kwanza, ukijumlisha maombi, leseni na ada, ilizidi shilingi 2,000,000. Blogu kadhaa zilinyamaza. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini ile hofu imebaki kwenye ofisi za walimu kama harufu ya moshi, na mwalimu mwenye busara hafungui kitu kwa jina la shule kabla ya kuuliza. Halafu kuna watoto wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, sioni kwa nini jina na sura ya binti wa miaka 14 vikae mtandaoni kwa sababu tu aliandika vizuri. Semina niliyoisema ilituhimiza tuweke picha za wanafunzi ili blogu "ipendeze". Nilizipakia mbili. Hilo nalijutia kuliko ile nywila.

Ndiyo maana naurudia ukuta. Gazeti la ukutani ni la zamani shuleni kwetu, na lina karibu kila kilichomo kwenye blogu: habari fupi, tarehe, mwandishi, nafasi ya maoni chini, mpya juu ya zamani. Kinachokosekana ni msomaji wa mbali tu. Na kuunganisha kilichotoka mbali na kikundi cha watu waliokaa pamoja hatukufundishwa na intaneti. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini wakisikiliza redio kwa vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi, na baada ya kipindi wanajadili kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingechimba choo. Aliyeipanga alijua kwamba kinachotoka mbali kinahitaji mtu wa karibu wa kukizungumza naye, jambo ambalo wauza programu za elimu wa leo hulisahau kwa urahisi wa ajabu.

Mfano wa pili ni wa mbali kidogo. Célestin Freinet alikuwa mwalimu wa kijiji huko Ufaransa, mapafu yameharibiwa na Vita Kuu ya Kwanza, hawezi kusimama akihubiri siku nzima. Mwaka 1924 akaingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani kwake Bar-sur-Loup. Watoto wakawa wanapanga herufi za risasi wenyewe, wanachapa habari zao, na baadaye wakabadilishana kurasa na shule ya Brittany, upande wa pili wa nchi. Watoto wa milimani kusini wakawa wanasomwa na watoto wa wavuvi. Niliposoma habari hiyo niliwaza reli yetu. Ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, nasi hadi leo tunajiita mwisho wa reli. Kati ya watoto wa dagaa huku na watoto wa asali Tabora kuna njia moja ya chuma, na hawajawahi kusomana.

Mwenzangu niliyesoma naye chuo anafundisha upande wa Sikonge, mkoani Tabora, kwenye miombo na mizinga ya nyuki. Tukakubaliana tusifungue blogu. Tutengeneze mlisho wa mkono. Kila Ijumaa ninamtumia kwenye simu maandishi matupu: vichwa vya habari kutoka ukuta wetu, tarehe, na mistari miwili ya ufupisho kwa kila kimoja. Darasa lake linachagua ipi wanaitaka nzima, na hiyo tu ndiyo ninayoichapa na kuituma. Yeye anafanya vivyo hivyo kwangu. Habari isiyoombwa inabaki ukutani kwa mwenyewe.

Sikutarajia ukatili wa jambo hili. Ijumaa ya kwanza tulituma vichwa sita. "Umuhimu wa Uvuvi" hakikuombwa. "Faida za Ziwa Tanganyika" hakikuombwa. "Usafi wa Mazingira" hakikuombwa, na mwandishi wake, msichana aliyezoea kuongoza darasa, alinuna siku mbili. Kilichoombwa ni "Baba Hulala Nyumbani Mwezi Ukiwaka", cha mvulana ambaye kwenye insha zangu hajawahi kuvuka 9 kwa 20. Miaka kumi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kichwa cha habari kivutie, na nimekuwa nikitoa alama mbili kwa hilo. Wiki iliyofuata "Usafi wa Mazingira" kilirudi kikiitwa "Nani Alimwaga Maganda ya Miwa Mlangoni kwa Mkuu wa Shule". Kikaombwa. Siku hizi watoto wanajua kuiomba akili mnemba insha ya usafi, na itawapa nzuri, ila haikuwepo siku ya maganda.

Blogu ina kazi yake, na sijaiacha kabisa. Ukishakuwa na habari thelathini zilizopita ukutani, zikapingwa, zikaandikwa upya, zikaombwa na watu wasiokujua, hapo blogu ina cha kula. Inatunza kumbukumbu, inamfikia mzazi aliyeko Dar es Salaam, na mwakani kidato kingine kitaikuta. Kwetu ilichukua mihula miwili kufika hapo, na hata sasa majina ni ya kubuni.

Habari ya mvulana yule ilipofika Sikonge ilirudi na swali moja, limeandikwa na darasa zima: kwa nini hamvui mbalamwezi? Kwetu hilo si swali, ndivyo ilivyo. Hakuna aliyekuwa amelieleza kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa. Mvulana alikwenda kumuuliza baba yake, akaandika kwamba dagaa hufuata taa ya kipe, na usiku wa giza hakuna kingine cha kufuata. Mwezi ukitoka, ziwa zima ni taa, kwa hiyo taa ya baba haina maana yoyote, naye anashona nyavu na kugombana na watoto. Tukaituma Alhamisi, hatukungoja Ijumaa.

Mlisho wa Sikonge wa wiki iliyofuata ulikuwa na vichwa vinne. Kilichokuwa juu kiliandikwa: "Hata Babu Harini Asali Mwezi Ukiwaka." Darasa langu lilikiomba kabla sijamaliza kunakili cha pili.